Kasungami: Kompyuta inayobeba karatasi za watu haikimbizwi

KASUNGAMI, Lubumbashi. Kuna ahadi moja ambayo mwenye kompyuta ya okazyo anapenda sana kuisikia kutoka kwa fundi: "Mama, niachie hii mashine mpaka kesho, nitaiongezea nguvu." Kesho yake mashine inawaka haraka, mteja anafurahi, franka zinalipwa. Lakini kuna namba mbili ambazo mteja alipaswa kuonyeshwa kabla ya kufungua mfuko: prosesa sasa inakula volti ngapi, na joto lake linafika digrii ngapi saa nane mchana. Fundi asiyeonyesha namba hizo ameuza deni. Mashine italilipa kwa maisha yake, na mteja atalilipa kwa karatasi zake.

Hoja ya andiko hili ni fupi. Kompyuta ambayo ndani yake kuna kazi za watu wengine, yaani mashine ya sekretaria, ya shule, ya dispansari, ya kanisa au ya kamati ya wakimbizi wa ndani, isiongezwe mwendo wa prosesa hata kidogo. Kijana anayetaka kukimbiza mashine yake mwenyewe kwa michezo ana haki hiyo, lakini kuna mipaka ya volti na ya joto, na katika mji huu mipaka hiyo inapaswa kuwa chini kuliko ile inayotajwa na vijana wa Ulaya na Marekani kwenye video zao. Na fundi asiyepima, asiguse.

Nani analipa mashine ikifa

Watu wa mashine wanaita jambo hili ovakloki: kuilazimisha prosesa ifanye kazi kwa mwendo mkubwa kuliko ule uliowekwa na kiwanda. Kwa tajiri, prosesa ikiungua ni hasara ya siku moja. Ananunua nyingine.

Kwa sekretaria ya kartie hesabu ni tofauti kabisa. Mashine moja ya mezani ndiyo inaandika barua ya kuomba kazi, TFC ya mwanafunzi wa UNILU, orodha ya wanafunzi, hati ya kuuza kiwanja. Ndiyo inatunza picha za kadi za uchaguzi zilizopitishwa kwenye skana, na nchini Kongo kadi hiyo ndiyo watu wengi wanaonyesha kama kitambulisho. Ndiyo pia inaleta bukari nyumbani kwa mwenye sekretaria.

Kwa familia iliyokimbia vita uzito ni mkubwa zaidi. Mtu aliyetoka upande wa Mitwaba au Pweto miaka ile ya Kata Katanga, au aliyefika kutoka Kivu baada ya Goma na Bukavu kuanguka mwanzoni mwa mwaka 2025, mara nyingi alitoka na nguo na watoto tu. Diploma ya Serikali ilibaki. Buletini zilibaki. Kilichobaki mkononi ni picha ya hati kwenye simu, na picha hiyo ikipelekwa kuchapwa, inaingia kwenye kompyuta ya mtu na kukaa humo. Simu ikipotea, nakala ya mwisho ya maisha yale iko ndani ya mashine ya kartie ambayo fundi fulani ameiongezea volti ili "isichelewe".

Tena prosesa iliyolazimishwa haifi kila mara kwa kishindo. Mara nyingi inaanza kukosea hesabu kimya kimya. Kompyuta inajizima na kuwaka tena bila sababu. Faili linahifadhiwa likiwa limeharibika, na siku ya kulifungua linakataa. Mwenye sekretaria anadhani ni virusi, mteja anadhani ameibiwa, na fundi anaitwa tena kulipwa mara ya pili kwa kosa lake la kwanza.

Safari ya umeme kutoka ukutani hadi kwenye prosesa

Umeme wa nchi hii umepangwa kuwa volti 220. Kisanduku cha chuma nyuma ya kompyuta, kile mafundi wanaita alimentasio, kinashusha hizo 220 mpaka volti 12. Kisha vipande vidogo vilivyo kando ya prosesa, kwenye bamba kubwa, vinashusha tena hizo 12 mpaka volti moja na kidogo. Prosesa nyingi za mezani za miaka kumi na tano iliyopita zinafanya kazi kati ya volti 0.9 na 1.4. Ndani ya nafasi hiyo ndogo, sehemu ya kumi ya volti ni kitu kikubwa sana.

Sababu yake ni hesabu ambayo mtoto wa sekondari anaiweza. Joto linalotoka kwenye prosesa linafuata mwendo wake mara volti mara volti tena. Volti inahesabiwa mara mbili. Chukua prosesa inayojulikana sana sokoni, Core i7-2600K ya mwaka 2011: kiwanda kiliiandikia mwendo wa gigahezi 3.4 na joto la wati 95. Tuseme ilikuwa inatumia volti 1.2, na fundi anaipeleka kwenye gigahezi 4.4 kwa volti 1.4. Mwendo umepanda kwa asilimia 29. Volti, ikihesabiwa mara mbili, imeongeza asilimia 36 juu yake. Jumla, joto limepanda kwa asilimia 76, kutoka wati 95 hadi karibu wati 167 mashine inapofanya kazi kwa nguvu zote.

Kwa hiyo mteja anapata chini ya theluthi moja ya mwendo, na analipa zaidi ya robo tatu ya joto. Mkondo wa umeme unaoingia kwenye kile kipande kidogo cha chuma unatoka kwenye ampe 79 hadi karibu ampe 119. Bamba za kompyuta za ofisi, zile Dell na HP zinazoletwa kwa makontena, hazikutengenezwa kupitisha mkondo huo. Vipande vya kushusha volti ni vichache, na mara nyingi havina hata chuma cha kupoza juu yake. Prosesa inaweza kuvumilia, lakini bamba litaungua.

Kuna uharibifu mwingine unaokwenda polepole zaidi. Nyaya zilizo ndani ya prosesa ni nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Mkondo ukiwa mkubwa na joto likiwa kali, umeme unasukuma chembe za chuma za nyaya hizo na kuzihamisha kidogo kidogo, kama maji ya mvua yanavyokula barabara ya udongo. Mhandisi wa Kimarekani James Black aliandika kanuni ya jambo hili mwaka 1969, na viwanda vinaitumia mpaka leo: mkondo ukiongezeka na joto likiongezeka, maisha ya waya yanakatika upesi. Siku ya kwanza mashine inakwenda vizuri. Mwezi wa sita bado inakwenda. Siku barabara inapokatika, fundi ameshahama avenyu.

Joto la Ulaya na joto la Kasungami

Video nyingi ambazo vijana wanaangalia zimepigwa katika chumba chenye digrii 20, mahali ambapo umeme haukatiki. Kijana anayeiga video hiyo hapa anaiga nusu yake tu.

Feni haileti baridi. Inachoweza ni kuondoa joto na kulitupa kwenye hewa ya chumba. Prosesa inayofika digrii 75 katika chumba cha digrii 20 imepanda digrii 55 juu ya hewa. Ipeleke chini ya mabati mwezi wa kumi, wakati Lubumbashi inapopata joto lake kali la mwaka na chumba kinaweza kufika digrii 35. Jumlisha 55: prosesa iko kwenye digrii 90, bila mtu yeyote kubadili kitu.

Kisha kuna mwinuko. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Ndiyo maana maji hapa yanachemka kabla ya kufika digrii 100. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na feni inayosukuma hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Ongeza digrii kadhaa nyingine juu ya zile 90.

Kisha kuna vumbi. Tangu mwezi wa tano mpaka mvua zinaporudi, udongo mwekundu unaingia kila mahali, na moshi wa mbabula unaubandika kwenye mapezi ya kipoza joto mpaka hewa haipiti. Mashine iliyopimwa mwezi wa pili baada ya kusafishwa si mashine ileile mwezi wa tisa. Fundi aliyeweka volti kwa kuangalia joto la asubuhi moja ya mwezi wa saba, wakati watu wamevaa makoti, amejidanganya na amemdanganya mteja.

Mipaka yenyewe, kwa namba

Kuna mipaka ya aina mbili, na wauzaji wa maneno wanapenda kuichanganya. Wa kwanza ni mpaka wa kiwanda wa kujilinda. Prosesa ikifika joto hilo inajipunguza mwendo yenyewe, na ikizidi bado inajizima. Kwa Core i5-2500K na i7-2600K mpaka huo ni digrii 98. Kwa prosesa nyingi za Intel zilizofuata ni digrii 100, au karibu hapo. Kwa Ryzen 7 5800X ya AMD ni digrii 90, na kwa nyingi za Ryzen 7000 ni 95. Kwa AMD FX-8350 ya zamani, kampuni yenyewe iliandika digrii 61 tu. Hivyo hakuna namba moja ya prosesa zote. Anayesema "digrii 90 haina shida" bila kuuliza ni prosesa gani, anabahatisha.

Mpaka wa pili ni ule wa kukaa nao kila siku. Ule wa kwanza ni ukuta, na hakuna dereva anayeendesha gari akilipitisha linagusa ukuta. Kwa kazi ya kila siku mafundi wenye uzoefu wanashikilia digrii 80 mashine ikiwa kwenye kazi nzito, na wanahesabu 85 kuwa ishara ya kurudi nyuma. Kwa Kasungami, 75 inapimwa mchana wa joto ndiyo namba ya mtu mwenye busara, kwa sababu vumbi la miezi mitatu litakula hizo digrii tano zilizobaki.

Kwa volti, mambo ni haya. Core 2 Duo E8400, ambayo bado inafanya kazi katika ofisi nyingi, Intel iliiandikia mwisho wa volti 1.3625. Kwa i5 na i7 za K za mwaka 2011, wazoefu walikubaliana kwamba 1.35 inakaa miaka, na 1.40 ni mwisho kwa mwenye kipoza joto kikubwa. Kwa kizazi cha nne, cha mwaka 2013, waliishia kwenye 1.25 mpaka 1.30, kwa sababu prosesa hizo zinatunza joto ndani: chini ya kifuniko kuna dawa ya kupitisha joto badala ya chuma kilichoyeyushwa. Kwa vizazi vya mwaka 2015 mpaka 2018, 1.35. Kwa Ryzen za kwanza za mwaka 2017, 1.35. Kumbukumbu za DDR3 zimeandikwa volti 1.5, na za DDR4 ni 1.2, au 1.35 kwa zile zilizotengenezwa kwa mwendo mkubwa.

Namba hizo ni za mahali penye umeme mzuri na hewa ya baridi. Hapa, anayetaka kucheza atoe 0.05 kwenye kila moja. Kama mashine haikai imara bila kuvuka mpaka, basi mwendo ndio unaoshushwa. Volti haipandishwi tena.

Na kupima si kuangalia mara moja. Programu za bure zipo: HWiNFO inaonyesha volti na joto, CPU-Z inaonyesha volti, Prime95 na OCCT zinailazimisha prosesa kufanya kazi nzito na kuonyesha kosa la hesabu likitokea, MemTest86 inapima kumbukumbu. Dakika kumi hazithibitishi kitu. Saa kadhaa, mchana, kifuniko cha mashine kikiwa kimefungwa kama kitakavyokuwa nyumbani kwa mteja, ndizo zinathibitisha.

Mashine nyingi hata hazikubali

Hapa ndipo uongo unapoonekana wazi. Kwa Intel, prosesa za mezani zinazoachiwa kuongezwa mwendo kwa njia ya kawaida ni zile zenye herufi K mwishoni mwa jina, na bamba pia lazima liwe la aina inayoruhusu. Kompyuta nyingi za okazyo ni za ofisi. Ndani yake kuna i5-2400 au i5-3470, bila K, kwenye bamba ambalo kiwanda kimelifunga. Fundi anayedai ameipandisha mashine hiyo kwa gigahezi nzima amechukua pesa ya bure.

Kinachobaki kwenye mashine za namna hiyo, pale bamba linaporuhusu, ni kugusa saa ya msingi ya megahezi 100. Lakini kwenye vizazi vya 2011 na 2012 saa hiyo ndiyo inaongoza pia njia za diski na za kadi nyingine. Ukiisukuma asilimia tatu au nne, faida haionekani kwa macho, na diski inaweza kuanza kuandika makosa. Karatasi za mama wa watu zimewekwa hatarini kwa ajili ya asilimia tatu.

Kidude chekundu nyuma ya mashine

Kuna ufundi mwingine mbaya zaidi ya huo, na unafaa kutajwa hapa kwa sababu wanaoufanya ni walewale wasiopima. Alimentasio nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Umeme wa kartie ukishuka jioni mpaka 150 au 160, kila nyumba ikiwa imewasha plaki ya kupikia, mashine iliyo kwenye 230 inakataa kuwaka. Fundi mjanja anasukuma swichi kwenye 115. Mashine inawaka. Watu wanapiga makofi.

Usiku wa manane watu wanalala, plaki zinazimwa, umeme unarudi 220. Swichi ikiwa kwenye 115, alimentasio inauzidisha umeme mara mbili ndani yake: zaidi ya volti 600 zinaangukia kapasita mbili zilizotengenezwa kwa volti 200 kila moja. Zinapasuka. Bahati ikiwepo, fyuzi inakatika na kuna harufu tu. Bahati ikikosekana, kuna moto katika nyumba ambamo watoto wamelala, na bamba, prosesa na diski vinaondoka pamoja.

Hata bila swichi hiyo, umeme dhaifu unachosha mashine. Alimentasio inayohitaji wati 300 inavuta ampe 1.4 kwenye 220, na ampe 2 kwenye 150. Inapata joto zaidi wakati uleule fundi ameiongezea wati 70 za prosesa iliyokimbizwa. Na wati hizo zina bei. Mashine ikifanya kazi nzito saa nane kwa siku, ni zaidi ya nusu ya kilowati-saa kila siku. Siku ya delestaji, kwenye grupu ndogo, hiyo ni mafuta yaliyonunuliwa kwa franka.

"Mnawazuia vijana"

Wako wanaojibu kwamba maneno haya yanawakatisha vijana tamaa. Wanasema kijana wa Kasungami hana dola za kununua mashine mpya, na ovakloki ndiyo njia ya maskini kupata mwendo wa tajiri. Hoja hiyo ina ukweli na inastahili jibu. Ni kweli kwamba i5-2500K nzuri inaweza kupanda kutoka gigahezi 3.3 hadi karibu 4 bila kuongezewa volti nyingi. Ni kweli pia kwamba kijana anayejifunza jambo hili kwa kupima anakuwa fundi mzuri. Mwache ajifunze, kwenye mashine yake, na nakala za kazi zake zikiwa nje kwenye diski nyingine.

Lakini maskini ndiye ana sababu ya kuogopa volti kuliko tajiri. Na kama kuna anayedhani kwamba wenye akili za viwanda hawawezi kukosea hapa, aangalie yaliyotokea juzi. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinaomba volti kubwa mno na kuharibika. Mwezi wa nane mwaka huo ikatoa marekebisho ya kuzuia maombi yanayopita volti 1.55, na ikaongeza miaka miwili ya dhamana. Marekebisho hayo hayakuponya prosesa zilizokuwa zimeshaumia. Mwaka mmoja kabla, 2023, AMD ililazimika kuweka mwisho wa volti 1.30 kwenye sehemu moja ya Ryzen 7000, baada ya prosesa kuungua mpaka kuvimba. Kampuni zenye maabara na maelfu ya wahandisi zimekosea kwa sehemu za kumi za volti. Mteja wa Ulaya alipewa prosesa nyingine kwa dhamana. Mashine ya okazyo iliyopita Kasumbalesa haina dhamana ya mtu yeyote.

Na jambo kubwa zaidi: polepole ya mashine ya sekretaria mara nyingi haitoki kwenye prosesa. Mtu anapoandika barua, prosesa inalala. Kinachochelewesha ni diski ya zamani inayozunguka, ambayo inaweza kutafuta mahali mia moja na kidogo kwa sekunde, wakati SSD ya bei ndogo inatafuta maelfu kwa maelfu. Kinachochelewesha ni kumbukumbu ya gigabaiti 2 au 4 iliyojaa. Kinachochelewesha ni vumbi, kwa sababu prosesa iliyopata joto inajipunguza mwendo yenyewe. Fundi akisafisha kipoza joto, akabadilisha dawa iliyokauka, akaweka SSD na kuongeza kumbukumbu, mashine itabadilika mbele ya macho ya mteja, bila volti hata moja kuongezwa. Tena kwenye mashine zinazoruhusu, fundi hodari anashusha volti kidogo kwa mwendo uleule, na joto linashuka. Huo ndio ufundi unaofaa mji wenye joto, vumbi na umeme dhaifu.

Jiwe la hapa ndani ya prosesa

Kuna jambo la uchungu ambalo watu wa mkoa huu wanapaswa kulijua. Mwishoni mwa mwaka 2017 Intel ilieleza kwamba katika teknolojia yake ya nanomita 10 imeweka kobalti kwenye nyaya za chini kabisa za prosesa. Sababu ilikuwa ileile iliyoelezwa juu: kobalti inavumilia kusukumwa na mkondo mara tano mpaka kumi kuliko chuma kilichotangulia. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na inachimbwa Lualaba na Haut-Katanga. Tantalu ya kapasita ndogo inatoka kwenye koltani, na machimbo ya Rubaya kule Masisi, yaliyotekwa na M23 mwaka 2024, ni kati ya yale yanayolisha dunia.

Dunia inalipa pesa nyingi kwa madini haya ili prosesa ivumilie volti na joto. Watu wamevuja jasho kuyachimba, na wengine wamefukuzwa kwenye vijiji vyao kwa sababu yake. Halafu mashine inarudi Lubumbashi ikiwa imezeeka, na mtu anaiunguza kwa jioni moja kwa sababu hakutaka kufungua programu ya bure na kusoma namba mbili.

Kinachotakiwa sasa

Mteja na amwulize fundi kabla ya kulipa: "Papa fundi, kabla ya kazi joto lilikuwa ngapi, na baada ya kazi ni ngapi? Volti je?" Fundi mwenye elimu atafurahi kuulizwa. Anayekasirika amejitambulisha mwenyewe.

Fundi na aandike kwenye karatasi aina ya prosesa, volti, joto la mchana na tarehe, aibandike ndani ya kifuniko. Fundi atakayefuata atajua aliyopata. Swichi nyekundu ibaki kwenye 230, ifungwe kwa utepe, na umeme dhaifu upewe dawa yake, yaani stabilizatere au ondulere.

Mwenye sekretaria na aweke nakala ya kazi za wateja kwenye diski ya nje kila Jumamosi, na afungue mashine kuitoa vumbi mwezi wa saba na mwezi wa tisa. Kamati za familia zilizokimbia zisikubali orodha zao na hati za watu wao zitunzwe kwenye mashine moja tu, hata kama mwenye nayo ni mtu mwema.

Na vijana wanaopenda mwendo waendelee kuupenda, kwenye mashine zao, chini ya volti zilizoandikwa hapa na chini ya digrii 80. Wakijifunza kupima, kartie itapata mafundi. Wakikataa kupima, kartie itapata harufu ya kuungua, na mama aliyekimbia vita akiwa na picha moja ya diploma ya mtoto wake ataambiwa kwamba hiyo nayo imepotea.